Nilipie FC mpya kabla haijatoka, au nilipe kodi ya fremu?

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mkazi wa Tanga, na huu ni mwaka wa nne nina banda la gemu maeneo ya Ngamiani. Nina TV tatu. Mbili zina PlayStation 4 (PS4), na moja ina ile mpya zaidi, PS5, niliyoinunua mwaka jana zamu yangu ya upatu ilipofika. Mechi moja ni shilingi 500, na kama ilivyo kwenye mabanda mengi, anayefungwa ndiye anayelipa.

Kwetu sisi wa biashara hii mwaka hauanzi Januari. Unaanza mwishoni mwa Septemba, FC mpya ikitoka, ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA. Wateja wangu ni bodaboda, vijana wa sokoni na wanafunzi siku za Jumamosi, na usajili wa Ulaya wanaujua kuliko mimi. Hawataki kumwona mchezaji bado yuko na jezi ya timu aliyoihama Julai.

Mwaka jana niliona nijiwahi. Kuna muuza CD wa Dar ambaye huwa ananitumia mzigo kwa basi, nikamwekea oda ya FC mwezi wa nane na kumtumia 80,000 kama nusu ya bei. Gemu ikatoka. Nikampigia, akasema mzigo umechelewa. Siku ya tano naona kwenye status yake anawauzia CD hizohizo watu waliomfuata dukani na pesa mkononi. Yangu ilinifikia wiki ya tatu. Kwenye daftari langu, siku ya kawaida nachezesha mechi 40. Wiki zile tatu zilishuka mpaka 32, na CD ilipofika zikarudi 40.

Mwaka huu mambo yamekuwa magumu zaidi. Mtaa wa pili kijana mmoja amefungua banda lenye PS5 mbili, na tayari ameweka bango: "FC MPYA HAPA KWANZA." Wateja wangu wananiambia usoni, "Braza, usipokuwa nayo wiki ile sisi tunahamia kule." Juzi mmoja aliiweka chini pedi ya TV ya pili katikati ya mechi, ile ambayo mchezaji anakimbilia kushoto hata usipoigusa, akasema bora aende kwenye vitu vipya.

Kwenye kibubu nina 265,000, na kila siku natumbukiza 3,000. Zimebaki wiki saba gemu itoke. Njia ninazoziona ni hizi. Naweza kulipia sasa hivi toleo la Ultimate kwenye akaunti yangu ya PlayStation kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Ni dola 100, na linafunguka siku saba kabla ya toleo la kawaida la dola 70. Nikilipa kabla ya tarehe fulani mwezi huu naongezewa na zawadi. Au nimpe tena nusu yule wa Dar, ambaye mwaka huu anataka 190,000 kwa CD na ameniapia kwamba mimi nitakuwa wa kwanza.

Mama watoto hataki hata kusikia. Anasema mwaka jana niliibiwa huku nimekaa, na kwamba tarehe 1 Oktoba kodi ya fremu ya miezi mitatu, 180,000, inadaiwa. Kwake yeye tusubiri Novemba bei ikishuka. Tumefika mahali hatuzungumzi hilo jambo mezani. Mimi naogopa kwamba nikisubiri Novemba, ile kodi nitakuwa nailipia banda lisilo na watu.

Na jambo dogo la mwisho: mdogo wangu yuko chuo Dodoma, anacheza gemu kwenye laptop yake kupitia Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na ananiomba nimlipie gemu ambayo bado haijatoka. Anasema haina hatari kwa sababu pesa inarudishwa. Ni kweli?

Mwenye Banda, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umenipa kitu ambacho wengi wanaoniandikia kuhusu pesa hawanipi. Umenipa daftari. Kwa hiyo nitakujibu kwa namba zako mwenyewe.

Ultimate usiilipie. Yule wa Dar usimpe hata senti kabla CD haijaonekana kwa macho. Lakini na mama watoto naye, ambaye kwa kodi ya fremu yuko sahihi kabisa, kwa Novemba sikubaliani naye.

Tuanze na hizo siku saba, maana ndizo zinazokukosesha usingizi. Tofauti kati ya Ultimate na toleo la kawaida ni dola 30, na ukihesabu dola kwa 2,500 hiyo ni 75,000. Sasa angalia unachonunua. Mwaka jana, ulipokaa bila gemu mpya wakati wengine wanayo, ulipoteza mechi 8 kwa siku. Hizo ni 4,000. Kwa siku saba ni 28,000. Unataka kutoa 75,000 ili kuokoa 28,000. Utaniambia mwaka huu kuna jirani mwenye bango. Haya, mwongezee nguvu maradufu, tuseme anakuchukulia mechi 16 kila siku ya wiki ile. Inakuwa 56,000. Bado hujaifikia ile 75,000.

Kosa ninaloliona kwa wenye mabanda wengi ni kuhesabu mechi zote zitakazochezwa kwenye gemu mpya na kusema "itajilipa ndani ya siku kumi." Haijilipi hivyo. Zile mechi 32 zingechezwa tu, hata kwenye gemu ya mwaka jana, na wewe mwenyewe umeziandika. Gemu mpya inastahili kusifiwa kwa zile 8 tu ambazo zisingekuwepo bila yenyewe.

Halafu jiulize, hizo dola 30 zinakupa nini zaidi ya siku saba? Chukua FC 25 kama mfano. Toleo la kawaida lilitoka tarehe 27 Septemba 2024 na la Ultimate likafunguka tarehe 20. Vingi vya nyongeza vilikuwa vya Ultimate Team, ile sehemu ya gemu inayochezwa mtandaoni, zikiwemo pointi 4,600 za kununulia kadi za wachezaji. Hivyo ni vitu vya mtu mmoja, kwenye akaunti yake moja, anayejenga timu yake miezi na miezi kwa intaneti, na mwaka unaofuata anaanza timu upya. Bodaboda aliyekuja kwako na 500 anataka pedi mbili, Simba wa mtaa dhidi ya mbishi wake, dakika chache, mmoja alipe. Zawadi ya kulipa kabla ya tarehe fulani hataiona wala hataiulizia. Hiyo tarehe imewekwa ili ulipe wakati bado hujajua gemu yenyewe ikoje.

Hapa ndipo penye kiini cha oda za mapema, na nitakaa hapa kidogo.

Zamani oda ilikuwa na maana kamili. Gemu ilikuwa kitu cha kushika, kaseti au CD, zinatengenezwa kiasi fulani, zinapakiwa, zinaletwa, na duka likiishiwa limeishiwa. Ukiweka oda na amana kidogo, duka linajua lilete ngapi na wewe unajua yako ipo. Pande zote mbili zinapata. Lakini gemu unayoipakua kutoka dukani mwa PlayStation haiishi. Watu milioni moja wakinunua kabla yako, yako bado ipo palepale, usiku wa manane, bei ileile. Kwa hiyo anayelipia mapema gemu ya kupakua hanunui nafasi. PlayStation wanakata pesa siku unayoweka oda, na wewe unakaa wiki saba bila pesa na bila gemu.

Kwa upande wa CD, ndiyo, zinaweza kuisha, na oda ingekuwa na maana kama muuzaji angeiheshimu. Najua hilo kwa kuumia. Mwaka 2014 mimi na kaka yangu tulikuwa na chumba cha gemu Magomeni, PS3 mbili na benchi la mbao. Tulimlipa mtu mmoja pesa yote ya FIFA 15 mapema, tukapamba na ukuta. Mzigo ulipokuja nilikata gundi ya boksi kwa ufunguo, na nilipoona kasha la bluu moyo uliniruka, kwa sababu makasha ya PS3 yalikuwa meupe, unaona ndani. Lile la bluu ni la PS4. Sisi hatukuwa na PS4. Muuzaji alisema oda ni oda, na pesa ilishaingia kwenye mzigo mwingine. Kaka yangu alikaa na kasha lile mapajani mpaka magharibi, hasemi kitu. Tuliliuza kwa hasara baada ya mwezi. Tangu hapo nimejua kwamba aliyekwisha kupokea pesa yako hana haraka na wewe, haraka yake yote iko kwa aliyesimama mbele yake na pesa mkononi. Ndivyo ulivyofanyiwa mwaka jana, na kiapo cha mwaka huu hakibadilishi hilo. Ule uchelewaji wa wiki tatu ulikula 84,000 kwa hesabu ya daftari lako. Ni zaidi ya ile nusu uliyomtumia.

Kuna na hatari ya pili, ya gemu yenyewe kutoka mbovu. Wengi wetu tuliokulia kwenye PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, tulidhani hawawezi kuharibu mpira. Tarehe 30 Septemba 2021 wakatoa eFootball 2022, ikiwa na nyuso za wachezaji zilizopinda na mpira usioeleweka, na ndani ya siku chache ikashika mkia katika kura za wachezaji wa Steam. Gemu yenyewe ilikuwa ya bure, lakini kulikuwa na kifurushi cha kulipia ambacho watu walishakiwekea oda. Konami waliomba radhi, wakakifuta kile kifurushi na kurudisha pesa, na toleo lililotengenezwa vizuri zaidi likaja Aprili 2022. Angalia pesa ilirudi kwa nani: kwa aliyelipa kwenye duka rasmi. Aliyempa mtu wa kati ashughulike naye mwenyewe.

Na kwa kuwa TV zako mbili ni za PS4, hii ya pili ihifadhi. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na oda milioni 8 mkononi. Waliokuwa wameitengeneza, CD Projekt Red wa Poland, walikuwa na sifa kubwa kutokana na kazi yao ya nyuma, na watu walilipia ile sifa. Wahakiki walipewa toleo la kompyuta kabla ya siku ya kutoka, la PS4 hawakupewa. Ilipofika kwenye PS4 za kawaida ilikuwa inakwama, inazima, watu hawana sura. Kampuni ilikiri kwamba haikuwaonyesha wateja gemu inavyokuwa kwenye mashine za zamani. Baada ya wiki moja Sony, wenye PlayStation, wakaitoa dukani kwao na kurudisha pesa kwa walioomba, na haikurudi mpaka Juni 2021. Leo ni gemu inayosifiwa, baada ya miaka ya kurekebishwa, na aliyesubiri aliipata nzuri kwa bei ndogo. Sisemi FC itafika huko. Nasema trela unazotumiwa kwenye simu huwa ni picha za mashine mpya, na wateja wako wawili kati ya watatu watacheza kwenye mashine ya zamani. Mpaka uione kwenye PS4, hujaiona.

Sasa Novemba. Kwa mtu anayecheza nyumbani, ushauri wa mama watoto ni dhahabu. FC hushuka bei sana wiki ya Black Friday, ile ya mapunguzo mwishoni mwa Novemba, mara nyingi hata nusu, na FC 24 iliyotoka Septemba 2023 ilikuwa kwenye gemu za mwezi wanazopewa wanachama wa PlayStation Plus, huduma ya kulipia ya Sony, ilipofika Mei 2024. Mchezaji wa nyumbani akikaa wiki nane bila gemu hapotezi chochote ila kubishana na rafiki zake. Wewe unapoteza mechi 8 kwa siku. Kwa wiki nane ni 224,000, na hata nusu ya hao wakizoea na kurudi bado ni 112,000, wakati punguzo la nusu bei lingekuokolea 87,500 tu. Kwa hiyo mwambie mama watoto, kwa upole na daftari likiwa mezani, kwamba hapa mmekuwa sawa nyote wawili: yeye kwa kutolipa mapema, na wewe kwa kutosubiri sana. Na usimwambie wakati TV ya jirani inapiga kelele na wateja wanasikia. Mwambie usiku watoto wakishalala, mpe kalamu ahesabu mwenyewe.

Fanya hivi. Kibubu kiache kiendelee. Siku 49 kwa 3,000 ni 147,000, ukijumlisha na 265,000 unafika 412,000. Kabla gemu haijatoka, mpelekee mwenye fremu 180,000 yake, chukua risiti. Hapo umebaki na 232,000, na hofu ya tarehe 1 haipo tena.

Ile wiki ya Ultimate, usikae mikono mitupu. Kuna huduma ya EA Play, ya wenyewe watengenezaji wa FC, ambayo kwa mwezi ni kama dola 6, yaani 15,000 hivi. Miaka hii ya karibuni wanachama wamekuwa wakipewa saa 10 za kuijaribu FC mpya kuanzia siku ileile Ultimate inapofunguka. Hakikisha mwaka huu ipo kabla hujalipa. Ipakue kwenye PS5 usiku kwa bando la usiku, maana ni makumi ya GB na mchana itakumaliza. Usiifungue. Subiri Jumamosi jioni, tangaza kombe la mtaa, watu kumi na sita, kiingilio kwa mechi kama kawaida, mechi ziende mfululizo kwa sababu saa zinahesabika hata ukiwa kwenye menyu. Mechi kumi na tano zinatosha kumpata bingwa, na saa bado zinabaki za Jumapili. Bango la jirani litakuwa limesema kweli nusu tu. Halafu wewe kaa kwenye kiti chako uwasikilize. Wakicheza saa mbili wakaanza kuulizia ile ya zamani, hilo nalo ni jibu, na 190,000 yako bado iko kibubuni.

Wakiipenda, nunua toleo la kawaida wiki linapotoka, kwa pesa mkononi. Kama ni CD, tafuta ndugu au rafiki aliye Dar aende mwenyewe Kariakoo, aishike, akupigie picha ya kasha mbele na nyuma, ndipo umtumie pesa alipe. Mwambie aangalie neno PS4. CD ya PS4 inaingia kwenye PS4 na pia kwenye PS5 yenye mlango wa CD, ila ya PS5 haiingii kwenye PS4, na mimi sitaki ukae na kasha mapajani kama kaka yangu. CD ina faida nyingine kwa mtu kama wewe: mwakani utaiuza, hata kwa bei ya kutupa. Ile ya kupakua haiuziki. Na jua kwamba CD nayo siku ya kwanza itataka apdeti, hivyo bando liwekee bajeti.

Nunua moja tu kwanza. TV mbili zingine zibaki na ya mwaka jana. Wapo wateja, hasa watu wazima wanaopita wakitoka kazini, ambao wanataka timu yao na pedi waliyoizoea basi, na ukikaa usiku mmoja kwenye menyu ya timu unaweza kuwahamisha wachezaji kwa mkono kwenye gemu ya zamani, wale kumi au kumi na tano wanaogombaniwa midomoni. Inachosha vidole lakini ni bure. TV ya pili ukitaka kuihamishia kwenye mpya, hiyo sasa iache mpaka Novemba, na hapo mama watoto atakuwa amepata Novemba yake.

Kuhusu akaunti. Tanzania haimo rasmi kwenye duka la PlayStation, kwa hiyo akaunti yako bila shaka ni ya nchi nyingine, kama za wengi wetu. Ukilipa kwa salio la kadi za zawadi na baadaye ukafuta oda, pesa inarudi kwenye pochi ya akaunti, hairudi kwenye simu yako, na kodi ya fremu hailipwi kwa pochi ya PlayStation. Oda waliyolipwa zaidi ya siku 14 kabla ya gemu kutoka wanakubali kuifuta mpaka siku ya kutoka. Ukishaanza kuipakua, mlango umefungwa.

Mdogo wako wa Dodoma amesema kweli, ila si yote. Steam wanarudisha pesa ya oda wakati wowote kabla gemu haijatoka, na ikishatoka unazo siku 14 mradi hujacheza saa 2. Tangu Aprili 2024, muda unaocheza kwenye zile siku za kufunguliwa mapema nao unahesabiwa kwenye hizo saa 2. Na mwulize gemu yenyewe ni ya nani. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa gemu yao ya Helldivers 2 kwenye Steam wafungue akaunti ya PlayStation kwa lazima, na gemu ikaacha kuuzwa katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haipo rasmi, sisi tukiwemo, wakati watu walishainunua. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima na lile sharti likaondolewa ndani ya siku chache. Kama gemu anayoitaka ina sharti la namna hiyo, asubiri itoke, aone wenzake wa hapahapa wameifunguaje. Na kama haina, bado sioni kwa nini wewe, mwenye kodi na watoto, umlipie leo kitu ambacho hata kikitoka hakitaisha.

Nimebakiza jambo moja, nalo uliliandika kama unapita tu. Ile pedi ya TV ya pili. Mchezaji anayekimbilia kushoto bila kuguswa maana yake analogi, kile kijiti cha kidole gumba, imelika, na fundi wa simu mwenye mkono mzuri anabadilisha kwa pesa ndogo. Yule kijana aliyeiweka chini katikati ya mechi hakuwa anasubiri Septemba. Alifungwa na pedi, akalipa 500 yake, akaondoka. Sijui wangapi wameondoka hivyo wakasingizia gemu mpya kwa sababu ni rahisi kusema. Kabla hujagusa kibubu kwa jambo lolote, toa elfu kumi au kumi na tano, ipeleke kwa fundi kesho asubuhi kabla hujafungua. Halafu kuanzia kesho hiyohiyo andika mechi za kila TV kwenye mstari wake, usizijumlishe, na wiki ya pili niandikie TV ya pili imesemaje.